Uhuru wa Kuchagua Saa Janja

Ipo nchi inayoitwa Mtukufuni. Usijichoshe kuitafuta kwenye ramani, kwa maana wachora ramani wake wote walishahamishiwa Idara ya Mapambo, na majirani zake wanaona haya kuitaja. Ni nchi nzuri. Umeme hukatika kwa ratiba, mvua hunyesha ikishapata kibali, na wananchi huipenda serikali yao kwa mujibu wa kifungu cha tisa. Katika nchi hiyo, kata ya Mikoroshini, aliishi muuguzi mstaafu aliyeitwa Eufrasia Mtambalike, na haya ndiyo yaliyomfika mwaka ule serikali ilipotaka kujua watu wake wanatembea hatua ngapi kwa siku.

Sista Eufrasia, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa amefanya kazi katika kituo cha afya cha Mikoroshini miaka thelathini na minane. Nusu ya kata ilizaliwa mikononi mwake, na nusu nyingine ilidungwa sindano naye. Alisifika kwa mambo mawili: mkono mwepesi na mdomo mzito. Mzee wa kanisa aliyekuja na ugonjwa wa aibu, bibi harusi aliyekuja na mimba ya mtu mwingine, mwalimu mkuu aliyelia kama mtoto kwa kuiona sindano tu, wote waliingia chumbani kwake wakatoka, na siri zao zikabaki humo humo. Wala hakuwahi kuandika cheti cha uongo. Mkuu wa wilaya mmoja aliwahi kumtaka aandike kwamba mwanawe ana kifafa ili asiende jeshini. Sista alimpa kijana dawa ya minyoo na kumtakia safari njema.

Mumewe, mzee Odilo, alikuwa mshika bendera wa stesheni ya treni mpaka serikali ilipong'oa reli kwenda kuzisafisha, ikasahau kuzirudisha. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa na presha, na dawa alimeza pale tu mkewe aliposimama mbele yake na glasi ya maji.

Mwaka huo kiongozi wa nchi, Baba Mlezi, alisafiri ng'ambo kwa mapumziko ya kikazi ya miezi minne. Aliporudi alikuwa na saa ya ajabu mkononi. Ilihesabu hatua, ilipima mapigo ya moyo, na ilijua alilala kiasi gani. Watu wa mjini waliziita saa janja. Palepale uwanja wa ndege, akiwa bado kwenye ngazi, aliitazama saa yake akasema: "Leo nimetembea hatua mia mbili na kumi na moja. Je, wananchi wangu wametembea ngapi?"

Mawaziri wakatazamana. Waziri wa Takwimu alijaribu kukisia, akawa amefukuzwa kazi kabla Baba Mlezi hajakanyaga lami.

Ndipo ilipotungwa Sheria ya Siha kwa Wote. Ilikuwa fupi na tamu. Kifungu cha kwanza kilisema kila mtu mzima ana uhuru kamili wa kuchagua saa janja inayofaa mahitaji yake. Kifungu cha pili kilisema uhuru huo ni wa lazima. Kifungu cha tatu kilisema kwamba mtu ambaye mahitaji yake ni kutokuwa na saa janja, huyo atahesabiwa kuwa hakuelewa swali.

*

Wiki moja baadaye magari saba meusi yalisimama mbele ya nyumba ya Sista Eufrasia, yakaziba njia hadi kuku wakakosa pa kupita. Akashuka Mheshimiwa Daktari Severini Pambalu, Waziri wa Siha na Mapigo.

Huyo Severini Sista alimjua kabla hajawa mheshimiwa wala daktari. Alikuja Mikoroshini akiwa mwanafunzi mwembamba mwenye viatu vya kuazima, na siku ya kwanza alipoona jipu linapasuliwa alizimia. Sista aliwaambia wakubwa kwamba kijana hakuwa amekula. Akamchukua nyumbani kwake, akamlisha miaka miwili, akamfundisha kuutafuta mshipa kwa kidole badala ya jicho. Mama yake Severini alipougua, Sista ndiye aliyemwogesha mpaka siku ya mwisho.

"Shikamoo, Mama," waziri alisema, na akapiga goti moja kwenye vumbi, akiwa ndani ya suti. Wapiga picha walimwomba arudie. Akarudia.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafuka."

Waziri aliketi, akala muhogo, akausifia, kisha akatoa neno. "Mama, watu wanaogopa hizi saa. Wewe ukikaa ofisi ya kata ukawasaidia kuchagua, hawataogopa. Mwenye moyo mbovu apate inayopima moyo. Mwenye kisukari apate inayomkumbusha kutembea. Hii si ndiyo kazi uliyotufundisha? Kuzuia kuliko kutibu?"

Sista alifikiri. Ukweli ni kwamba lile jambo lilimpendeza. Aliwazika wengi ambao wangepona kama wangejua mapema, na hapa serikali, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ilikuwa inaleta kifaa kabla ya jeneza.

"Nina sharti," alisema. "Habari za mwili wa mtu ni za mtu huyo. Saa imwambie aliyeivaa, imwambie na daktari wake, basi."

"Mama! Hilo nalo la kuniambia mimi?"

"Apa."

Severini akaweka mkono kifuani. "Naapa kwa kaburi la mama yangu, ambaye wewe ndiye uliyemfumba macho."

Mzee Odilo, aliyekuwa pembeni akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa, alikohoa mara moja. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hana.

*

Kwa hiyo Sista Eufrasia alikaa ofisi ya kata, chini ya picha ya Baba Mlezi akinyanyua vyuma vilivyochorwa na Idara ya Mapambo. Mezani palikuwa na aina nne za saa. Mkakamavu ilihesabu hatua, na mkanda wake wa mpira haukuogopa maji. Shupavu ilipima mapigo ya moyo na kulia yakizidi. Tulivu ilipima moyo na usingizi pamoja. Na Fahari iling'aa kama sinia ya harusi na haikupima kitu chochote. Hiyo ndiyo waliyochagua viongozi wote.

Sista aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Kila aliyeketi mbele yake alimuuliza maswali matatu. Nini kinakusumbua mwilini? Mikono yako inashinda wapi? Na hii saa, utaitazama kweli, au utaivaa kama hirizi?

Fundi Mgaya, mwashi, alitaka Fahari. "Yenye kung'aa, Sista. Na mimi nionekane mtu."

"Mikono yako inashinda kwenye saruji, fundi. Hiyo itakufa kabla ya Jumapili. Chukua Mkakamavu. Ina namba kubwa, na wewe macho yako nayajua."

"Hatua za nini? Mimi napanda ngazi kutwa nzima."

"Basi itakwambia lini upumzishe goti. Vaa."

Mgaya akavaa kwa kunung'unika. Siku tatu baadaye Sista alipita kwake akamkuta beberu wake amefungwa saa mguuni, anarukaruka juu ya mawe. Sista alikasirika sana. Alimwambia fundi kwamba mambo ya afya si ya mzaha. Mgaya aliinamisha kichwa, akaahidi kuivua, na hakuivua.

Mama Sikitu, mkaanga vitumbua, alikuja amejifuta unga kwenye kanga. Huyu alikuwa rafiki wa Sista tangu ujana. Moyo wake ulikuwa na tabia ya kutoka mbio bila sababu, kama farasi aliyeona nyoka, na kila asubuhi alimeza kidonge kimoja cha kuutuliza.

"Mimi unichagulie wewe," alisema. "Sijui kusoma vidude hivi. Ukiniambia nivae kengele ya ng'ombe, nitavaa."

Sista alicheka. Akamchagulia Shupavu, kwa sababu ililia moyo ulipozidi na betri yake ilimaliza wiki bila chaji, jambo la maana katika kata ambayo umeme huja kusalimia tu. Akamfunga mkononi mwenyewe, akalegeza tundu moja ili joto la mafuta lisimuunguze chini ya mkanda.

"Ikilia, acha kukaanga, kaa chini, niite."

"Na kidonge?"

"Kidonge kila siku. Saa haitibu, inatazama tu."

Aliyemshinda ni mumewe.

"Mimi nilihesabiwa na shirika la reli miaka ishirini na saba," Odilo alisema. "Hatua zangu zimekwisha."

"Hii inapima usingizi na moyo. Wewe una presha, Odilo, na mimi sikai macho kukusikiliza unavyopumua. Ningependa nilale na mimi."

Odilo akanyoosha mkono. "Naivaa kwa ajili yako. Si kwa ajili yao."

Kila Ijumaa, Mtendaji wa Kata alikuja kuchukua daftari la Sista. Humo aliandika jina la kila mtu, kinachomsumbua, dawa anazomeza, na kwa nini amechaguliwa saa ile na si nyingine. Mara ya kwanza alisita kulitoa. Lakini Mtendaji alikuwa na barua: "Mama, ni kwa ajili ya kuboresha huduma tu. Mwanao, Severini." Sista aliisoma ile "mwanao" mara mbili, akatoa daftari.

*

Baada ya miezi mitatu iliadhimishwa Siku ya Siha. Wananchi wote walikusanywa viwanjani kusikiliza kwa vipaza sauti hotuba ya Baba Mlezi iliyoitwa "Mwendo Ndio Maisha". Ilichukua saa nne na dakika arobaini, na watu waliisikiliza wakiwa wamekaa.

"Ndugu wananchi," sauti ilivuma, "adui wa mguu ni nani? Adui wa mguu ni kiti! Kaeni kwa utulivu niwaeleze."

Katika saa ya pili, mzee Odilo, ambaye dawa za presha zilimtuliza na jua lilikuwa la upole, alilala. Hakulala usingizi wa kusinzia. Alilala usingizi mzito, mzuri, wenye mate, huku mkewe akimtazama kwa furaha, maana usingizi kama ule hakuwa ameupata tangu reli zing'olewe. Upande wa pili wa uwanja saa ya Mama Sikitu ilikuwa inalia bila kukoma. Sista alipita katikati ya watu, akamketisha kivulini, akamshika mkono mpaka moyo ukarudi njiani.

Wiki iliyofuata Mtendaji wa Kata alisimama mbele ya ofisi akiwa na kishikwambi kipya, akasoma matokeo.

"Matokeo ya nini?" Sista aliuliza.

"Ya mapigo, Sista. Mapigo ya wananchi wakati wa hotuba."

Sista alidhani hakusikia vizuri. Mtendaji aliendelea. Mwananchi Mkakamavu wa Kata alikuwa Fundi Mgaya, aliyeruka mara elfu tisa wakati wa hotuba kwa furaha. Mgaya alipokea cheti, na beberu akapewa jani la mgomba bila mtu kujua ni la nini. Kisha Mtendaji akatangaza kwamba katika wilaya nzima hakuna moyo uliompigia Baba Mlezi kwa nguvu kama wa mkaanga vitumbua mmoja. Mama Sikitu alivishwa nishani ya Moyo wa Taifa. Alikuwa amechanganyikiwa, akitabasamu, akimtafuta Sista kwa macho kumuuliza kama jambo hili ni zuri.

"Na mwisho," Mtendaji alisema, akashusha sauti kama mtu anayetangaza msiba, "tumepata moyo baridi. Mwananchi ambaye mapigo yake yalishuka hadi hamsini na moja Baba Mlezi alipokuwa anaeleza historia ya goti."

Gari jeupe lililoandikwa TUNAJALI lilikuwa limekwishasimama. Wanaume wawili wenye adabu walimshika mzee Odilo kila mmoja kwapa lake. Anapelekwa, walisema, Kituo cha Kuamsha Mapigo, kwa matunzo.

Odilo alimtazama mkewe, kisha akaitazama saa mkononi mwake, kisha akamtazama tena mkewe. Mlango ukafungwa.

*

Sista Eufrasia alisafiri siku mbili hadi mji mkuu. Alikaa siku sita katika chumba cha kungojea cha Wizara, ambako viti vilikuwa vimeondolewa kwa sababu za kiafya. Siku ya saba alipokelewa.

"Mama! Kwa nini hukusema unakuja?" Severini alitoka nyuma ya meza na mikono miwili mbele. Mkononi alikuwa na Fahari.

"Uliapa," Sista alisema.

"Na sikuvunja."

"Uliapa kwamba habari za mwili wa mtu hatapewa mtu mwingine."

"Hakupewa mtu, Mama. Ilipewa Serikali. Serikali si mtu."

Sista alitafuta pa kukaa, hapakuwepo. "Severini, yule ni Odilo. Ulikula kwenye sahani yake. Alikupa kitanda chake, akalala sakafuni."

"Najua, na inaniuma." Ikaonekana kweli inamuuma, alikuwa na uso wa mtu aliyebanwa kiatu. "Ila na wewe, Mama, tusaidiane kusema kweli. Saa zinatuletea namba tu. Hamsini na moja. Mia na arobaini. Tungejuaje ni nani na ana nini? Kata nyingine tumekwama mpaka leo, tuna mamilioni ya namba hazina mwenyewe. Mikoroshini tu ndiyo imekamilika. Daftari lako ndilo lililotuambia nani anameza nini, nani hapati usingizi, nani anaogopa nini. Hakuna kitabu kama kile nchi nzima. Tumekipiga chapa, kinafundishwa."

Kwa miaka thelathini na minane Sista Eufrasia alikuwa na kabati moja la siri, na ufunguo aliumeza mwenyewe. Sasa aliona kwamba alilibeba kabati zima kichwani, akaenda kulitua mlangoni kwa mwizi, na kumshukuru kwa kumfungulia mlango. Alitaka kumpiga kofi mtu huyu. Alijikuta badala yake anamtazama shingo, mahali alipokuwa akimkagua chawa alipokuwa mwanafunzi.

"Nirudishie mume wangu," alisema.

"Inawezekana, tena leo." Severini alivuta karatasi. "Moyo baridi kwa makusudi ni kosa. Moyo baridi wa kuzaliwa ni ulemavu, na Serikali inawapenda walemavu. Andika tu, kama mtaalamu unayemfahamu, kwamba Odilo ana kasoro ya kuzaliwa ya uzalendo. Weka sahihi."

"Hakuna ugonjwa kama huo."

"Upo tangu Jumatano. Gazeti la Serikali, ukurasa wa nne."

Sista alisimama na kalamu mkononi. Alimwona Odilo kwenye kituo asichokijua, na vidonge vyake vya presha vipo nyumbani juu ya friji. Akaandika. Mwandiko wake, uliosifiwa na maofisa wa afya wa enzi tatu, ulitoka umenyooka kama kawaida.

*

Odilo alirudi baada ya siku kumi na tisa, amekonda, akiwa na saa mpya nyekundu isiyo na kishikizo cha kufungulia. Shingoni alikuwa ameninginiziwa nakala ya cheti ndani ya plastiki, kama sheria ilivyotaka kwa wenye kasoro. Alikaa kwenye kiti chake akakisoma cheti, ingawa bila shaka alikuwa amekisoma mara nyingi njiani.

"Huu ni mwandiko wako," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo hukuandika uongo. Hata kwa mwana wa mkuu wa wilaya. Ukaja kuanzia kwangu."

"Nilitaka urudi, Odilo."

"Nimerudi," Odilo alisema, na hilo likawa neno lake la mwisho kwa siku nyingi. Alimeza dawa alipopewa. Alikula alichowekewa. Lakini nyumba ilikuwa kama stesheni baada ya reli kuondoka: kila kitu kipo, na hakipiti kitu.

Ndiyo maana Sista hakwenda kwa Mama Sikitu upesi kama ilivyompasa. Aliona haya. Alipokwenda, alikuta jiko la vitumbua limezimwa, na binti wa nyumba, Sikitu mwenyewe, amesimama mlangoni na macho makavu. Mama yake alikuwa amelazwa mkekani, amefunikwa kanga. Alikuwa amefariki alfajiri.

"Alilia saa tangu juzi," Sikitu alisema. Kisha akajirekebisha: "Saa ndiyo ililia. Yeye hakulia."

"Kidonge chake? Hakumeza?"

Sikitu akaingia ndani akatoka na barua yenye muhuri. Ilisema kwamba mwenye nishani ya Moyo wa Taifa amebainika kumeza kila asubuhi dawa ya kupunguza uzalendo, na kwamba dawa hiyo imetwaliwa. Mstari wa mwisho ulisema: "Hatua hii imechukuliwa kwa ushauri wa mshauri wenu, Sista E. Mtambalike."

"Mimi nilimwambia aende kuchukua vingine kwa siri," Sikitu alisema. "Akanikatalia. Alisema, kama Sista amesema niache, Sista anajua. Alikungoja, Sista. Kila akisikia hatua nje alisema, huyo anakuja kunieleza."

Sista alipiga magoti kumwosha rafiki yake. Sikitu akamzuia mkono, bila hasira, kama mtu anayefunga dirisha.

"Tutamwosha sisi," alisema.

*

Mazishi ya Moyo wa Taifa yalikuwa ya kiserikali. Bendi ililetwa. Idara ya Mapambo ilipaka rangi mikorosho. Waziri Severini alisimama mbele ya kaburi na kusema kwamba shujaa huyu hakufa, bali alimaliza mapigo yake yote kwa ajili ya Baba Mlezi na hakubakisha hata moja la uchoyo. Kisha akasema: "Na sasa namkaribisha Mama yangu, mshauri wa kata hii, aseme machache."

Alikuwa anamwamini. Jambo hilo ndilo lililomshangaza Sista zaidi ya yote: Severini aliamini kweli kwamba angesema machache.

Sista Eufrasia alishika kipaza sauti.

"Mnanijua," alisema. "Mama Sikitu alikuwa mgonjwa. Moyo wake haukuwa unampenda mtu, ulikuwa unamuumiza. Dawa yake ilichukuliwa kwa sababu mimi niliandika jina lake kwenye daftari nikalitoa. Jina la kila mmoja wenu nimeliandika. Wewe, shemeji, vidonda vyako vya tumbo. Wewe, mwalimu, usingizi wako. Nilidanganywa, lakini aliyedanganywa ni mimi, na waliolipa ni ninyi. Mume wangu hana kasoro yoyote. Nimeandika uongo. Saa hizo nilizowafunga, nimewafunga mimi. Zivueni. Sina zaidi."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyelia. Watu elfu moja na mia tatu walisimama kimya na macho yao yakitoka kwake kwenda kwa waziri na kurudi kwake, na ungeweza kuisikia mikorosho inadondosha rangi. Severini alikuwa amebadilika rangi.

Ndipo ofisa mwenye kishikwambi akamvuta waziri mkono, akamwonyesha kioo. Mapigo ya Mikoroshini yalikuwa yanapanda. Mia na kumi. Mia na ishirini na tano. Mia na thelathini na nane, kata nzima kwa pamoja, kiwango kisichowahi kuonekana tangu nchi iumbwe. Waziri akatazama, akavuta pumzi, uso wake ukarudi mahali pake. Akauchukua ule mkono wa Sista uliokuwa na kipaza sauti, akaunyanyua juu kama wa bondia aliyeshinda.

Taarifa ya habari ya jioni ilisema kwamba kata ya Mikoroshini, baada ya hotuba fupi ya kusisimua ya mshauri wake, imevunja rekodi ya taifa ya uzalendo, na itapewa kikombe.

*

Asubuhi Sista alifungua mlango akakuta saa kibarazani. Zilikuwa zimerundikwa juu ya ngazi, juu ya ndoo, juu ya kiti cha Odilo: Mkakamavu, Shupavu, Tulivu, nyingine mkanda umekatwa kwa kisu. Hapakuwa na mtu. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja wake alimwona, akaingiza fagio ndani, akafunga mlango. Saa ya Fundi Mgaya ilikuwa na manyoya ya mbuzi kwenye mkanda.

Sista alielewa. Haikuwa shukrani. Mtu akirudisha kitu chako bila kubisha hodi, amemaliza na wewe. Na sheria ilikuwa wazi pia: saa ikikutwa haijavaliwa, anayewajibika ni mwenye nyumba ilimokutwa. Aliinama akaanza kuziokota moja moja na kuziweka kwenye gunia. Nyingi alizijua kwa tundu alilolegeza mwenyewe. Baadhi bado zilikuwa na vuguvugu la mikono ya watu, na zilipogongana gunini zilitoa milio midogo, zikiuliza mapigo yako wapi.

Nyuma yake mlango ulilia. Odilo alitoka amevaa shati la usingizi. Cheti hakikuwa shingoni. Mkononi alikuwa na koleo la kukatia waya, la enzi za stesheni, lenye kutu kwenye mpini. Akaliangalia gunia, akaiangalia barabara upande ambao gari jeupe lingetokea. Kisha akakaa kwenye ngazi mbele ya mkewe, akampa koleo, akamnyooshea mkono wenye saa nyekundu.

Sista alishika mkono ule. Haukuwa na nyama kama zamani. Akaingiza mdomo wa koleo chini ya mkanda, na vidole vyake vikaanza kutetemeka, vile vidole ambavyo havikuwahi kutetemeka mbele ya mgonjwa.

"Taratibu," Odilo alisema. "Mkono ni wangu."